Made in Japan ya Deep Purple: tunayobishania Kondele

Shemeji yangu wa Kondele, Kisumu, ni mtu wa benga, muziki wa magita wa Kenya. Kila nikitoka Nakuru kumtembelea, chai haijamiminwa ameshaniuliza kama bado nasikiliza zile kelele. Kelele zenyewe ni Made in Japan, albamu ya laivu ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Si yeye peke yake anayeikosea. Hata sisi mashabiki wa roki tuna uongo wetu tunaoupitisha. Haya hapa madai yenyewe, na majibu yangu.

"Gita la pili anapiga nani?"

Hakuna gita la pili. Sikio lililolelewa na benga linajua gita moja likiimba kuna jingine linaloshikilia mdundo, kwa hivyo shemeji hutafuta la pili na kuamini amelipata. Mpiga gita ni Ritchie Blackmore peke yake. Ule mngurumo mzito ubavuni mwake ni kinanda cha Hammond, aina iliyozoeleka makanisani, ambacho Jon Lord alikipitisha kwenye amplifaya za Marshall, zile za magita. Humo sauti ya kinanda hupasuka na kukwaruza.

Siku moja nilimwekea mwanzo wa wimbo wa Lazy, pale Lord anapoanza kabla wenzake hawajaingia. Akakunja uso, akausogeza mkono wa simu sikioni, akasikiliza mpaka ngoma zikaingia. "Hilo ni gita bovu," akasema. Nikamwambia ni kinanda cha kanisa. Akanitazama kama nimekufuru.

"Ni shoo ya usiku mmoja."

Ni ya siku tatu: tarehe 15 na 16 Agosti 1972 mjini Osaka, na tarehe 17 Tokyo, ukumbi wa Budokan. Nyimbo ni saba tu. Smoke on the Water ni ya usiku wa kwanza, The Mule na Lazy ni za Tokyo, na nne zilizobaki ni za tarehe 16. Usiku huo wa katikati ndio uliobeba albamu, mimi nitakufa nikisema hivyo. Na ile picha ya jaladani unayodhani ni ya Japani? Ilipigwa London.

"Laivu zote hupikwa studio."

Hapa pana ukweli nusu. Bendi nyingi hurudi studio kurekebisha sauti zilizokwama. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya 1978, inabishaniwa mpaka leo: prodyuza Tony Visconti alidai sehemu kubwa ilirekodiwa upya, wanabendi wakakana. Lakini Deep Purple wameshikilia siku zote kwamba hawakuongeza kitu juu ya kile kilichonaswa jukwaani kwa mashine ya traki nane. Kuchagua usiku uliokwenda vizuri na kusawazisha sauti si kupika. Hata maneno ya kati ya nyimbo yameachwa. Kabla ya The Mule unamsikia mwimbaji Ian Gillan akiomba kila kitu kisikike kwa sauti kuliko kila kitu kingine. Fundi mitambo yeyote wa harusi hapa Nakuru amewahi kupewa amri kama hiyo, ila wanaomwamuru yeye huwa hawatanii.

"Bendi ilikuwa na mpango mkubwa."

Wapi! Waliotaka albamu ni kampuni ya rekodi ya Japani. Wanabendi wenyewe hawakuwa na hamu, na mwanzoni walikubali iuzwe Japani tu.

"Ni nyimbo zile zile za studio, pamoja na makofi."

Hii ndiyo inayoniudhi. Space Truckin' ya studio haifiki dakika tano. Ya Osaka inakaribia 20, na kwenye santuri mbili za albamu ilijaza upande mzima wa nne. Shemeji, kati ya watu wote, angepaswa kulielewa hili, maana benga ya zamani ilikatwa vipande viwili kwa sababu upande mmoja wa santuri ndogo haukutosha. Gita lilipoanza kupanda ndipo ulipolazimika kuinuka ugeuze sahani.

Mimi siinuki. Huwa naianzisha matatu ikitoka Kericho na kupita Awasi. Mashamba ya mpunga ya Ahero yanapotokea dirishani, kondakta anagonga bodi watu washuke, na Ian Paice bado anazitandika ngoma.