Kutuma taarifa si kusomwa

Mashindano ya majahazi yakikaribia Lamu, utasikia mwandalizi akisema: "Upande wa vyombo vya habari tumemaliza, baruapepe imeenda kwa wahariri wote." Kumaliza gani? Mhariri wa Mombasa hupokea lundo la taarifa za namna hiyo, na nyingi huishia kusomwa kichwa tu. Afadhali mwanahabari mmoja anayefuatilia mambo ya pwani: mwombe nafasi kwa ujumbe, kisha mpigie simu ya video, amwone nahodha akishona tanga na amuulize mwenyewe. Usimpigie jioni, anakimbizana na taarifa ya habari ya saa moja. Kaeni ndani pia. Upepo wa Shela, ufuko wa Lamu, hula maneno. Na usidhani gumzo hilo ni siri: msipokubaliana mapema, lolote usemalo laweza kunukuliwa.