Metamerizimu: rangi kulingana ndani na kuachana nje

Mlango wa gari la utalii umepulizwa rangi upya katika gereji ya Arusha. Chini ya tyubulaiti umeshabihiana kabisa na bodi. Gari likitoka nje, mlango unavuta kwenye kijani. Hali hiyo, ya rangi mbili kulingana kwenye mwanga mmoja na kuachana kwenye mwingine, ndiyo metamerizimu.

Chanzo chake ni jicho. Halipimi mwanga wimbi kwa wimbi. Lina aina tatu tu za seli za koni, zinazoitikia zaidi mawimbi ya takriban nanomita 420, 530 na 560. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa vumbi (unga unaoipa rangi weusi au wekundu wake) tofauti zikizichochea koni hizo kwa kiwango kilekile, ubongo husema ni moja, hata kama kila moja inarudisha mawimbi kwa namna yake. Badilisha taa, na ulingano unavunjika.

Kwa hiyo usiamue kwa taa moja. Pulizia rangi kwenye kipande cha bati, tabaka zilezile utakazoweka kwenye gari, iache ikauke (mbichi hudanganya), kisha ilaze ikigusana na bodi. Itazame kivulini penye anga wazi, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, halafu chini ya tyubulaiti, halafu chini ya balbu ya manjano. Epuka kusimama chini ya mti au kando ya ukuta uliopakwa rangi kali, maana navyo hurusha rangi yake. Ukikodolea macho muda mrefu, yapumzishe kwenye kitu cha kijivu.

Wengi hukosea hapa: wakiona kijani juani, wanaongeza tone la nyekundu. Juani itakaa sawa, lakini chini ya tyubulaiti itaharibika. Dawa ni kubadili vumbi lenyewe, utumie lile lililomo kwenye rangi ya awali ya gari.

Kipimo cha spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaorudishwa na rangi wimbi kwa wimbi, nacho kina mtego. Tofauti ndogo, tuseme delta E (namba inayoonyesha ukubwa wa tofauti kati ya rangi mbili) chini ya 1, ikiwa imehesabiwa kwa mwanga wa mchana pekee (unaoandikwa D65) haikulindi. Dai pia hesabu ya mwanga A, wa balbu ya kizamani.

Mafundi cherehani wa Moshi wanaoupeleka uzi na kitambaa mlangoni kabla ya kulipia wanafanya jaribio hilohilo. Shati jeupe la shule liangaliwe hivyo pia: dawa ya kung'arisha iliyomo huhitaji miali ya urujuanimno ya jua, na taa nyingi za LED hazina.