Usiku wa gala melini: kanzu, kitenge au suti?

Wateja wangu wakishalipia safari ya meli ya kitalii, swali la kwanza halihusu visa wala kichefuchefu. Ni nguo. "Sina tuksido, lile koti rasmi la usiku, watanizuia mlangoni?" Wanaouliza zaidi ni wale wanaoishi Uingereza na Marekani, wanaotaka kuwapandisha wazazi wao melini baada ya kuwaahidi miaka mingi. Mzee keshasikia kwamba kule watu hula wamefunga tai, na ameanza kutafuta sababu ya kutokwenda.

Kabla ya kuingia kazi hii ya kupangia watu safari nilikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli, na kuna kipindi niliwekwa pale mlangoni mwa ukumbi mkuu wa chakula, nikiangalia namba za meza na, kwa pembe ya jicho, mavazi. Kwa hiyo nitasema mambo yalivyo upande wa yule anayekupokea.

Meli haina sheria moja ya mavazi. Kila kampuni ina yake, na ndani ya meli ile ile sheria hubadilika kwa usiku na kwa chumba. Bwana mwenye kaptula kwenye bufe ya sitaha ya juu hasumbuliwi na mtu. Bwana huyo huyo akishuka na kaptula yake hadi ukumbi mkuu saa mbili usiku, ataombwa kwa upole akabadilishe. Kwa hiyo mtu akiniuliza melini huvaliwa nini, namrudishia yeye: meli ya nani, usiku upi, na utakula wapi?

Tuanze na walio wakali zaidi, maana ukiwaweza hao wengine hawakushindi. Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard ilianza kazi Januari 2004, na ndiyo meli inayoendeleza desturi ya kuvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, kwa kawaida kwa usiku 7. Njiani hakuna bandari wala pa kushuka kununua kofia. Siku nzima ni maji, na jioni ndiyo tukio lenyewe. Kuanzia saa kumi na mbili jioni abiria hutarajiwa wawe nadhifu karibu meli nzima: shati la kola na suruali ndefu kwa wanaume, gauni, sketi au suruali nzuri kwa wanawake. Kaptula, singlendi na jinzi zilizochanika hazina nafasi hapo. Katika usiku huo 7, kwa kawaida miwili ni ya gala, yaani ya mavazi rasmi kabisa, na mara nyingi mmoja huwa wa nyeusi na nyeupe na mwingine wa vinyago. Kinyago si lazima. Wengi hukivaa mpaka wapigwe picha, kisha kinalala mezani karibu na kikapu cha mkate.

Usiku wa gala, mwanamume huvaa tuksido na tai ya kipepeo. Watu wengi husoma hadi hapo wakafunga ukurasa. Endelea kusoma: suti nyeusi au ya rangi nzito, na tai ya kawaida, inakubalika. Ile suti uliyoendea posa ya mpwa wako inatosha kabisa. Na pia Cunard wenyewe wanakubali vazi rasmi la kitaifa, sawa na wanavyokubali sketi ya Waskoti na sare za kijeshi.

Hapo ndipo huwa nawaambia wateja wangu waache kutafuta duka la kukodi tuksido.

Kanzu ni vazi rasmi. Mganda aliyewahi kwenda kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa ukweni, na kanzu yake na koti juu ana vazi la gala kabatini tayari, na Mswahili wa Lamu, Mombasa au Unguja vivyo hivyo. Lakini kanzu ya gala si ile ya kuendea dukani. Iwe nyeupe ya kung'aa, imepigwa pasi hadi mshono wa chini, na ivaliwe na koti jeusi linalokaa mabegani. Kofia iwe ya kiua, ile ya Idi. Viatu viwe vya ngozi vya kufunika vidole. Najua makubadhi ndiyo wenzake wa kanzu, na binafsi nayapenda. Lakini aliye mlangoni pengine katoka Manila au Mumbai, hajui tofauti ya makubadhi na ndala, na si kazi yako kumsomesha ukiwa na njaa.

Ndugu zetu wa Oman wenye dishdasha na kilemba wako salama zaidi, kwa kuwa vazi lao linajulikana dunia nzima. Jambia tu libaki Muscat. Mizigo ya melini hupitishwa kwenye mashine kama ya uwanja wa ndege, na hakuna maelezo ya utamaduni yatakayolipitisha.

Kaunda suti inanipa kazi. Kwa usiku wa kawaida ni nadhifu kuliko nusu ya watu ukumbini. Kwa usiku wa gala siishauri, hasa ya mikono mifupi, kwa sababu si vazi la kitaifa la mtu yeyote na haina tai, kwa hiyo inaangukia katikati. Spika wa Bunge la Kenya aliikataa bungeni mwaka 2023, kwa hiyo mabishano haya si ya melini peke yake. Ukiipenda sana, ishonwe mikono mirefu, kitambaa cheusi, na uingie kama mtu anayejua anakokwenda. Mlangoni hilo lina uzito kuliko mnavyofikiri.

Na msidhani kwamba urasmi wa Kiingereza haukuwahi kulegea. Enzi ambazo meli hazikuwa na viyoyozi, joto la Bahari ya Shamu liliwafanya Waingereza wavue koti wakati wa chakula cha jioni na kubaki na shati jeupe, suruali nyeusi na mkanda mpana wa kitambaa kiunoni. Vazi hilo bado huonekana kwenye hafla za kibalozi huko Ghuba. Tuksido yenyewe, ilipoanza kuvaliwa Marekani miaka ya 1880, ilikuwa namna ya kukwepa koti refu lenye mkia. Wakubwa wa wakati huo waliliona ni vazi la kujilegeza.

Kwa wanawake sheria imeandikwa kwa ulegevu, na huo ulegevu ndio unaowasumbua. Gauni refu, gauni la kokteli, suruali na koti lake, sari, vyote hupita. Kitenge hupita vizuri sana kikishonwa gauni refu lenye umbo. Mshonaji akikuuliza ni la shughuli gani, mwambie harusi ya usiku, atakuelewa. Gomesi ya Uganda na mushanana ya Rwanda ni mavazi ya heshima yasiyohitaji maelezo. Abaya ya sherehe, yenye nakshi, na ushungi wa rangi inayokwenda nayo, ni chaguo ninalowapa akina mama wengi wa pwani, kwa sababu wanaivaa bila kujishika-shika usiku kucha. Dira sisemi kitu. Dira ni la kulalia na la kumpokea jirani, melini libaki chumbani. Na kanga ya kutokea kwenye bwawa isiingie ukumbini hata mchana.

Kitenge na pasi, sasa. Chumbani pasi hairuhusiwi, kwa hofu ya moto, na ukija nayo watakuwekea hadi mwisho wa safari. Queen Mary 2 ina vyumba vya kufulia vyenye pasi, abiria wakijihudumia bila malipo; jioni ya gala kuna foleni humo, na ni mahali pazuri pa kusikia umbea wa meli. Meli nyingi nyingine hazina, utalazimika kupeleka kwa dobi wa melini na kulipa kwa kila nguo. Kitenge kizito chenye nta kikikunjika kimekunjika. Kiviringishe, usikikunje, na ukifika kitundike bafuni ufungulie maji ya moto, mvuke utakinyoosha kiasi. Kanzu yenye mchanganyiko wa poliesta haina ufahari wa pamba lakini hutoka sandukuni ikiwa mtu.

Sasa kampuni nyingine, harakaharaka. Royal Caribbean, Carnival na Princess hubakisha usiku wa kupendeza, kwa kawaida miwili katika safari ya wiki moja, lakini suti nyeusi humo ni hiari. Shati zuri na suruali ya kitambaa vinakufikisha mezani. Kwa Carnival safari fupi ya siku 2 hadi 5 huwa na usiku mmoja tu wa namna hiyo. Norwegian waliondoa usiku rasmi wa lazima tangu walipoanza mtindo wao wa kula kwa uhuru mwaka 2000, ingawa baadhi ya migahawa ya kulipia hukataa kaptula na malapa jioni. Viking hawana usiku rasmi kabisa. Virgin Voyages wana usiku wa watu kuvaa nyekundu, Disney wana usiku wa maharamia, na MSC hupenda usiku wa nyeupe, ambao kwa mwenye kanzu ni kama wamemfikiria yeye. MSC ndio wanaowabeba wengi kutoka Durban kwenda Msumbiji, safari za siku chache. Huko fulana safi na suruali vinatosha siku nyingi.

Hutaki kuvaa hivyo, wala hutaki kufukuzwa? Inawezekana. Bufe huwa wazi hata usiku wa gala. Kwenye Queen Mary 2 ni Kings Court, na hapo hakuna atakayekudai tai. Utakachokosa ni Britannia, ukumbi mkuu wa chakula wenyewe, ngazi zake, na dansi ya Queens Room baadaye. Nimewahudumia wazee waliokula bufe safari nzima wakarudi nyumbani wameridhika, na nimewaona wengine waliojuta walipoona picha za wenzao zimebandikwa ukutani. Wapiga picha hujipanga ukumbini usiku huo, na picha zao huuzwa bei ya kukuumiza kichwa. Ukipigwa hulazimiki kununua.

Beba mtandio au shali. Ukumbi wa chakula una baridi ya kiyoyozi hata meli ikiwa Karibiani, na chakula cha kozi nne huchukua muda. Mchuchumio mwembamba uache. Meli hutikisika kidogo hata bahari ikiwa shwari, na zulia nene hukamata kisigino. Kisigino kinene cha wastani kinatosha, na hakuna anayekitazama ukishakaa. Kapelo vua mlangoni. Na japo hili si la chakula, kwa wanaokwenda Karibiani: nguo za mabakamabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago na visiwa vingine, kama kwetu. Hata fulana ya mtoto.

Usiku wa kwanza na wa mwisho huwa hakuna gala, na sababu ni mizigo. Siku ya kupanda, sanduku kubwa hukabidhiwa wachukuzi bandarini, na linaweza kufika mlangoni mwa chumba chako baada ya watu kushaanza kula. Weka kwenye mkoba wa mkononi nguo moja ya jioni, viatu vyake na dawa zako, usije ukala usiku wa kwanza na raba na jasho la uwanja wa ndege. Usiku wa mwisho masanduku hutolewa kwenye ujia kabla ya kulala ili yashushwe mapema. Hapo ndipo watu hufungasha kila kitu, wakafunga zipu, wakalibandika sanduku lebo yake, na asubuhi wakajikuta wana pajama na slipa za meli. Toa nguo za asubuhi kwanza, zitundike mlangoni, ndipo uanze kufungasha. Viatu pia.