Nakala ya mheshimiwa: dhana potofu kuhusu seva zinazonakili machapisho ya wanasiasa

Kwenye arifa zangu kuna ujumbe ambao sijaufuta tangu Juni 2024. Mwananchi anamwandikia mbunge wake, kwa heshima kwanza kisha kwa hasira, akimwonya kwamba akiunga mkono Mswada wa Fedha asijisumbue kuja nyumbani Krismasi. Mbunge hakuusoma. Angeusomaje? Akaunti ile haikuwa yake. Ilikuwa programu niliyoiwasha mimi kwenye kiseva changu cha Mastodon, inayochukua anachoandika mheshimiwa kwingine na kukibandika hapo neno kwa neno. Mastodon ni mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi machapisho na kupelekeana, kila moja na mwenyewe. Tarehe 25 wabunge wa Kenya walipiga kura, 195 wakaunga mkono na 106 wakapinga. Huenda yule bwana hadi leo anaamini kwamba mbunge wake alimsoma akanyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia mambo mengi kuhusu seva za aina hii, mengine kutoka kwa wanaotaka kuanzisha zao. Hebu tuyapange.

“Mheshimiwa amejiunga na Mastodon”

Hapana. Na kosa hili nawatupia wenye seva, si wasomaji. Mtu akiona jina, picha na maneno yenyewe, kwa nini asiamini? Lakini nakala husafiri upande mmoja tu. Majibu, maswali na matusi yote yanakwama kwa mwenye seva.

Mastodon ina kisanduku cha kutangaza kwamba akaunti inaendeshwa na programu. Kitie alama, ila usidhani umemaliza, kwani kwenye simu lebo hiyo haionwi na mtu. Mimi nimeliweka neno NAKALA mwanzoni mwa jina, kabla hata ya “Mhe.”, na kila chapisho linamalizika kwa kiungo cha lilikotoka. Kuna pia wanaochanganya alama ya kijani ya Mastodon na ile ya buluu ya kwingine. Ya kijani hainunuliwi. Inasema tu kwamba tovuti iliyotajwa kwenye wasifu nayo inaitambua akaunti hiyo, basi. Nakala ya mbunge haiwezi kuipata kwa tovuti ya mbunge.

Akaunti za serikali zenyewe zipo, na zina sura tofauti kabisa. Ujerumani ina social.bund.de, seva ya Mastodon ya taasisi za serikali, iliyoanzishwa na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data wa nchi hiyo. Umoja wa Ulaya ulianza majaribio ya EU Voice, seva ya Mastodon ya taasisi zake, Aprili 2022 na kuyafunga Mei 2024, huku Tume ya Ulaya ikiendelea na seva yake. Aprili 2024 akaunti ya rais wa Marekani iliyoko Threads, mtandao wa kampuni ya Meta, ikaanza kufuatika kutoka Mastodon. Hao waliingia kwa miguu yao.

“Ni maneno ya umma, nakili utakavyo”

Kusomeka na kila mtu ni jambo moja, haki ya kulichapisha upya ni jingine. Watu hupenda kutaja sheria ya Marekani, ambako kazi za serikali kuu hazina hakimiliki. Sawa, lakini tangazo la kampeni si kazi ya serikali, picha iliyopigwa na mwandishi wa habari ni mali ya mwingine, na sheria hiyo ni ya Marekani.

Halafu kuna mwenye mtandao unaochota kwake. X, iliyokuwa Twitter, ilifunga mlango wa bure ambao programu hupitia kuchota machapisho mwaka 2023, na ngazi ya chini ya kusoma wakati huo ikawa dola 100 kwa mwezi kwa machapisho 10,000. Piga hesabu: wanasiasa 50, kila mmoja akiandika mara 20 kwa siku, ni machapisho 1,000. Siku kumi tu, mfuko mtupu.

Anayedhani nia njema itamlinda aulize yaliyoipata Politwoops. Mradi huo ulianzia Uholanzi mwaka 2010, ukihifadhi twiti ambazo wanasiasa walizifuta, na Marekani ukaendeshwa na Sunlight Foundation. Mwaka 2015 Twitter ikaukatia mlango, Marekani kwanza kisha nchi nyingine. Ikaurudishia ruhusa siku ya mwisho ya mwaka huohuo. Hakuna mahakama iliyohusika hapo. Mwenye mlango alibadili mawazo, akabadili tena.

“Akifuta, na kwangu itafutika” (au kinyume chake: “Kazi yangu ni kuhifadhi kila kitu”)

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu niliyaamini yote, kwa nyakati tofauti.

Kwanza ufundi. Chapisho likifutwa kwenye Mastodon, seva hutuma taarifa ya kufuta kwa seva zilizolipokea, nazo zinatarajiwa kutii. Hakuna wa kuzilazimisha. Nakala inayolishwa na RSS (orodha ya mapya ambayo tovuti huitoa ili programu nyingine ziisome) ina shida zaidi: mlisho wa RSS huorodhesha vilivyopo sasa hivi, hautangazi vilivyoondoka. Chapisho likitoweka humo, programu haijui kama mheshimiwa amelifuta au limesukumwa chini na mapya. Kwa hiyo usipochukua hatua, nakala inabaki.

Sasa kisa. Mbunge mmoja alipiga picha orodha ya waliopata basari, akaibandika. Majina ya watoto, shule zao, namba za simu za wazazi. Baada ya saa chache alishtuka au alishtuliwa, akaifuta. Kwangu ilikaa siku nne. Mzazi mmoja ndiye aliyenitafuta, kwa upole ambao sikuustahili, akaniuliza kwa nini namba yake iko kwenye tovuti yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 ningeweza kuisoma mapema. Sikuisoma. Nilikuwa nimejiita mtunza kumbukumbu za taifa.

Siku hizi programu inarudi kwenye chanzo mara kwa mara. Chapisho lisipopatikana, picha zinaondoka papo hapo, maneno yanafichwa hadi niyasome. Ikiwa ni ahadi ya barabara au msimamo kuhusu kura, nayarudisha na kuandika “imefutwa kwenye chanzo”. Ikiwa ni tahajia iliyokosewa au habari ya mtu wa kawaida, yanakwenda. Ni uamuzi wangu, na mtu anaweza kuupinga.

“Mtandao uliogatuliwa hauna mwenyewe, hakuna wa kunizuia”

Mkenya hili anapaswa kulielewa upesi. Ugatuzi haukuondoa serikali, ulituletea 47 zaidi. Kila seva ina msimamizi, na msimamizi yeyote anaweza kukupunguzia sauti ili machapisho yako yasionekane kwa wasiokufuata, au kukukatia mawasiliano moja kwa moja. Gab, mtandao wa Marekani uliojulikana kwa maneno ya chuki, ilipohamia kwenye programu ya Mastodon Julai 2019, seva nyingi ziliifungia mlango. Truth Social, mtandao wa Donald Trump, nayo imejengwa juu ya programu hiyohiyo, lakini haizungumzi na seva nyingine. Seva za nakala hufungiwa kwa sababu ndogo zaidi: zinafurika. Nenda kwa adabu basi. Weka machapisho yasiingie kwenye mkondo wa wote, yawafikie wafuasi tu.

Na anayedhani nakala ni dawa ya mtandao kuzimwa, kama X ilivyozimwa Tanzania Mei 2025, akumbuke kwamba seva yake nayo ina anwani, na anwani huzimwa.

“Ni maandishi tu, kompyuta ndogo inatosha”

Maandishi, ndiyo. Video za mikutano ya hadhara, sivyo. Na hata maandishi: machapisho yale 1,000 kwa siku, ikiwa kila akaunti ina wafuasi waliotawanyika kwenye seva 300, ni mizigo 300,000 ya kupeleka kila siku. Chapisho likiwa na kiungo cha gazeti, kila seva kati ya hizo huenda gazetini kuchukua picha ya utangulizi, zote karibu dakika moja. Tovuti ndogo inaweza kuzimia kwa sababu yako.

“Nafuata cheo, kwa hiyo sina upande”

Cheo hubadilisha mwenyewe. Januari 2017 @POTUS, akaunti ya rais wa Marekani kwenye Twitter, ilikabidhiwa rais mpya, na machapisho ya aliyetoka yakahamishiwa @POTUS44. Programu inayofuata jina la akaunti ingeendelea kubandika kana kwamba ni mtu yuleyule. Uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 ukipita, nitaipitia orodha yangu jina kwa jina.

“Ukieleza vizuri, watu wataelewa”

Mwaka jana niliongeza jibu la kiotomatiki. Mtu akiiandikia nakala kwa mara ya kwanza, anajibiwa kwamba hii si akaunti ya mbunge, mbunge hataona ujumbe huu, na kiungo cha akaunti yake halisi ni hiki. Wa kwanza kulipata alikuwa mama mmoja aliyeuliza kuhusu maji ya bomba. Baada ya dakika mbili akaandika tena: alimshukuru mheshimiwa kwa kumjibu haraka hivyo.