Dakika 15 za Kwanza za Kuongezewa Damu

Damu isiyolingana na kundi la mgonjwa haihitaji kuisha mfuko mzima ndipo imdhuru. Mililita chache zinatosha, na dalili huanza mara nyingi ndani ya dakika 15 za kwanza. Ndiyo maana muuguzi huianza polepole na kukaa karibu. Wodi ikijaa, naye akaitwa kwingine, macho yanayobaki ni ya ndugu aliyeketi pembeni ya kitanda.

Mara nyingi kosa halianzii maabara, huanzia kitandani: mfuko wa Asha mmoja unatundikiwa Asha mwingine. Mgonjwa mwenye homa kali ukimwuliza "Wewe ndiye Asha?" ataitikia hata kama ni Rehema. Aulizwe "Majina yako kamili?" ayataje mwenyewe, kisha wahudumu wawili walinganishe majina, namba ya faili na kundi la damu kwenye lebo na kwenye faili. Wakiruka hatua hiyo, waombeni waifanye. Si utovu wa adabu.

Damu ikianza kuingia, angalieni kutetemeka, homa, vipele, kuwashwa, kifua kubana, kuhema, maumivu ya kiuno au ya mkono wenye sindano. Mgonjwa akishikwa na hofu ya ghafla na kusema anahisi kufa, msimbembeleze alale. Aliyepoteza fahamu hatasema lolote. Kama amewekewa mpira wa mkojo, mkojo ukiwa mwekundu au kama chai ya rangi iliyokolea, huenda chembe za damu zinapasuka.

Hapo namna ya kuita ina uzito. "Sista, naomba uje umwone mgonjwa wangu" ni maneno ya heshima, lakini kila kitanda kinayasema, nawe utaambiwa usubiri. Sema hivi: "Sista, kitanda namba 12, damu imeanza dakika kumi zilizopita, sasa anatetemeka na kiuno kinamuuma." Muuguzi akisikia hivyo anajua cha kufanya kabla hajafika: kusimamisha damu, kuacha sindano kwenye mshipa, kubadilisha mpira wa damu na kuweka maji ya chumvi, kupima presha, kumwita daktari. Usimwache mgonjwa peke yake, mtume jirani. Asipopatikana muuguzi, mwite mhudumu yeyote wa afya, hata kama ni saa ya kubadilishana zamu.

Sindano msiing'oe, inahitajika kwa dawa. Mfuko usitupwe, unarudi maabara pamoja na sampuli mpya.

Na kile kigurudumu cha kwenye mpira wa damu kiacheni. Kuna ndugu hukifungua ili damu iishe upesi, na mtoto au mzee mwenye upungufu mkubwa wa damu moyo wake unazidiwa, mapafu yanajaa maji. Wengine huupasha mfuko joto juani au kwenye maji moto, na chembe zinaharibika humo humo. Muda unaoruhusiwa ni saa 4 kwa mfuko mmoja. Zikipita, mwiteni muuguzi autoe hata kama damu imebaki.

Akisharuhusiwa kwenda nyumbani, macho yakiwa ya manjano au mkojo ukibadilika rangi ndani ya wiki mbili, arudi hospitali na aseme aliongezewa damu.