Shaba haichongwi

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ile picha. Ukumbi mtupu, mwanga unashuka kutoka kwenye tundu la paa, mama aliyejifunika vazi zito, na kijana mfu amejikunja katikati ya magoti yake. Chini yake maelezo: Käthe Kollwitz, Mjerumani, alichonga sanamu hii kubwa ya shaba kumlilia mwanawe. Aliyenitumia ni mwanafunzi wangu wa zamani, mtu aliyeunguza vidole kwa nta kwenye karakana yangu miaka miwili mizima. Nilimjibu kwa maneno mawili: shaba haichongwi. Akacheka, "Mwalimu, na wewe!"

Basi nimekaa kuandika, kwa sababu hii si mara ya kwanza wala ya kumi.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Kila anayetengeneza sanamu tunamwita mchongaji, tukamaliza. Ukimwita mfinyanzi, watu wanadhani anauza vyungu. Lakini kuchonga ni kupunguza: gogo la mpingo liko mbele yako, na kila ulichokiondoa hakirudi. Ukikata pua, umekata pua. Kufinyanga ni kuongeza: unabandika udongo, unarudi nyuma hatua tatu, unajuta, unabandua, kesho unabandika tena. Ni kazi ya mtu anayejiruhusu kujuta. Shaba inakuja mwisho kabisa. Kazi ya udongo inatolewa kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia, inakuwa ya plasta, kisha nta, kisha tanuri. Kollwitz alifanya ile sehemu ya mwanzo. Kusubu, yaani kumimina shaba iliyoyeyushwa, walifanya mafundi, na mengi yamesubiwa akiwa tayari kaburini.

Kabla hamjanikamata: ndiyo, aliwahi kuikwaruza shaba, tena miaka mingi. Mabamba. Kabla ya sanamu alikuwa mchapaji wa picha, na jina lilimjia kwa msururu wa picha kuhusu uasi wa wafumaji, alioumaliza mwaka 1897. Nusu yake ni kazi hiyo ya mabamba: sindano inakwaruza, tindikali inakula mstari, wino unakaa humo. Ukitaka kumwona akichonga hasa, tazama zile picha saba za Vita za mwaka 1921 na 1922: hizo amezichonga kwenye mbao, weusi mzito na weupe uliokatwa kwa ukali. Kwa hiyo mama huyu alichonga ili apate kitu bapa, na alipotaka kitu cha kuzungukwa alifinyanga. Kinyume kabisa cha maelezo ya ile picha.

Maisha yake nitayapita haraka. Alizaliwa Königsberg mwaka 1867. Akaolewa na daktari, Karl, wakaishi mtaa wa wafanyakazi Berlin karibu miaka 50. Misingi ya sanamu alikwenda kujifunza Paris mwaka 1904, akiwa mama wa watoto wawili na tayari ana jina. Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Mwaka 1933 Wanazi walipoingia akasukumwa nje. Akafa Aprili 1945, vita ikiwa imebakiza siku chache.

Nataka kukaa kwa Peter. Mwana mdogo, mwaka 1914 ana miaka 18, anataka kwenda vitani kwa hiari na sheria inadai idhini ya baba. Karl hataki. Ni Käthe aliyemwombea mtoto kwa baba yake. Oktoba mwaka huohuo Peter akauawa Ubelgiji. Ukijua hilo, neno "kumlilia" unaliona jepesi mno.

Desemba alishaanza kuwaza ukumbusho. Katika wazo la kwanza kijana amelala chini, baba kichwani, mama miguuni. Akafinyanga, akafinyanga, mwaka 1919 akauacha. Aliporudi miaka kadhaa baadaye, kijana hayumo tena. Wamebaki wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja kivyake, mikono ya kila mmoja imejikumbatia mwenyewe. Baba ana sura ya Karl, mama ana sura yake. Kazi ikasimamishwa makaburini Ubelgiji mwaka 1932. Leo ipo Vladslo, hukohuko Ubelgiji. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 18, umri wa Peter. Mchonga mpingo hawezi kumtoa mtu mzima katikati ya kazi akaendelea na gogo lilelile. Udongo ulimruhusu.

Ukumbusho huo uliosimamishwa ni wa jiwe, na jiwe lile, ndiyo, limechongwa. Na nani? August Rhades na Fritz Diederich, mafundi wa mawe, wakifuata plasta zake. Nikisema hivi darasani kuna mtu hunyanyua mkono: kumbe hakufanya mwenyewe! Jamani. Mshonaji hafumi kitambaa. Alikuwa hai, akazifuata zile sura mpaka zikatoka jiwe alilolikubali. Huo ni utaratibu wa kawaida wa karakana, na umekuwepo kabla ya sisi wote.

Sasa turudi kwenye ile picha, ambapo ndipo hasira yangu ilipo.

Sanamu ya mama na mwana aliianza mwaka 1937, ana miaka 70, amekatazwa maonyesho, anafanya kazi kimyakimya. Kijana aliyemtoa kwenye ukumbusho amerudi, safari hii katikati ya magoti ya mama. Katika shajara yake aliandika kwamba imekuwa kama ile sura ya Mariamu na Yesu mfu, ila hapa si uchungu tena, ni kutafakari. Kimo chake ni sentimita 38. Nirudie: thelathini na nane. Inakaa juu ya meza ya chai na nafasi ya vikombe inabaki.

Niliiona Köln, kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake, lililo juu ya maduka. Unalazimika kuinama. Ukishainama unaona kwamba mkono mmoja wa mama uko usoni, na mwingine umegusa vidole vya kijana, haukuvishika, umevigusa. Unaona dole gumba la bibi kizee lilipopita kwenye udongo wa vazi. Ukubwa ule ni wa kazi ambayo mtu anaificha kwa kitambaa mlango ukigongwa.

Ile ya Berlin, kwenye jengo la Neue Wache, ndiyo iliyo kwenye picha niliyotumiwa, iliwekwa mwaka 1993. Kansela Helmut Kohl aliitaka iwe ukumbusho wa taifa kwa waliouawa na vita na udhalimu, na mchongaji Harald Haacke akaikuza takriban mara nne. Watu husikia "mara nne" wakadhani ni jambo dogo. Kimo mara nne ni uso mara 16 na ujazo mara 64. Alama ya dole gumba inakuwa alama ya kiganja, na si kiganja chake. Kila mkunjo lazima mtu auamulie: niulainishe au niuache? Huyo mtu hakuwa Kollwitz. Alishakufa miaka 48. Walikuwepo pia waliouliza kwa nini sura ya Kikristo iwawakilishe Wayahudi waliouawa, na mama aliyebaki hai awawakilishe akina mama waliouawa pamoja na watoto wao. Maswali halali kabisa, na kwangu hayana jibu la karakanani.

Hata hivyo nina shaka ambayo darasani huwa siisemi. Ninawakubali Rhades na Diederich, ninamkataa Haacke, na mpaka wangu ni kwamba wa kwanza walikuwa na jicho la mwenyewe juu yao. Sawa. Lakini zile shaba zilizosubiwa baada ya kifo chake, ambazo nazikubali bila kelele, jicho lake lilikuwa wapi? Kila nikijaribu kuunyoosha mpaka huu, unapinda upande mwingine.

Tena kuna siku nilisimama Neue Wache penyewe, nimekuja na hasira zangu na kijitabu cha vipimo. Mvua ilikuwa inanyesha, na lile tundu la paa halina kioo. Maji yalikuwa yanampiga mama kichwani, yanafuata mikunjo ya vazi, yanamdondokea kijana kifuani. Wageni walikuwa wamesimama ukutani, wakavu, hakuna anayesema. Ile ya Köln hainyeshewi. Nilitoka bila kupima chochote.

Mwanafunzi wangu nimemtumia haya yote jana usiku. Amerekebisha maelezo ya picha: sasa yanasema Kollwitz alichonga sanamu ndogo.