"Nimalize TB kwanza, sukari baadaye"

Wiki hii nimeisikia tena, mara mbili. Mgonjwa wa sukari kagundulika ana TB, kaanzishiwa dawa, na baada ya wiki mbili anarudi midomo imemkauka, chooni haachi kwenda. Namchoma kidole, mashine inasoma 22, sukari iko juu mno. "Za sukari nimeziweka pembeni, daktari. Vidonge vimezidi. Nimalize kwanza hii miezi sita."

Hapana! Magonjwa haya hayapangi foleni. Sukari ikiwa juu, kinga inashindwa kuwadhibiti vimelea wa TB. Ndiyo maana mwenye kisukari ana hatari mara mbili hadi tatu ya kuugua TB. Na TB nayo inaipandisha sukari. Ukiacha kutibu mojawapo unaupa nguvu mwenzake, na hatari ya TB kurudi, au kuua, inaongezeka.

Kisha kuna rifampisini, ile dawa ya TB inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Inalifanya ini livunje dawa nyingine haraka. Vidonge vya sukari kama glibenklamidi na gliklazidi vinapungua nguvu, hivyo dozi iliyokutosha mwaka mzima inaweza isikutoshe sasa. Insulini haivunjwi hivyo, ndiyo sababu wengine tunawahamishia huko. Na wewe unayesema "ukianza insulini hutoki tena": kwa kisukari cha aina ya pili, wapo wanaorudi kwenye vidonge TB ikishapona. Ila ukimaliza dawa za TB usipotee. Rifampisini ikitoka mwilini, dozi tuliyokuongezea inaweza kukushusha sukari hadi ukaanguka.

"Ganzi ya miguu ni sukari tu." Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, nayo huumiza mishipa ya fahamu. Ulizia vitamini B6, usiondoke bila hiyo.

"Nimekonda kwa sababu ya sukari." Huenda. Lakini kama unakohoa pia, au unaamka shuka limelowa jasho, leta makohozi yapimwe.

"TB ni ya wenye VVU." Nimetibu wengi wasio na VVU, wenye sukari isiyodhibitiwa.

Na ninyi mnaouguza: uji wa vijiko vinne vya sukari na soda "ili arudishe mwili" mnamuumiza. Mpeni mayai, maharage, dagaa. Uji anywe bila sukari.

Siku ya kliniki njoo na mfuko wa dawa zako zote, za TB, za sukari, za dukani, hata mitishamba. Tuzimwage mezani tuzipitie moja moja.